Mtoto Asifanywe Kadhi

Mnamo Oktoba 2021 mwimbaji wa Uingereza, Adele, alitoa wimbo uitwao "Easy on Me", jina ambalo kwa lugha yetu ni ombi la mtu anayetaka ahukumiwe kwa upole. Hukumu ya muziki wanazuoni wameijadili kwa mapana, nasi hatuirudii hapa. Kilichotusimamisha ni jambo lililobebwa na wimbo huo: talaka, na mtoto aliyebaki katikati yake.

Mwimbaji huyo alitengana na mumewe mwaka 2019, mtoto wao wa pekee akiwa na umri wa miaka 6. Katika wimbo, sauti yake ikisindikizwa na piano, anakiri kwamba aliingia katika mambo mazito angali mdogo, kwamba alijaribu, na kwamba nguvu zilimwishia. Hamtukani aliyekuwa mumewe wala hatoi siri ya chumbani. Huo ni utu uzima, na wengi wetu hatuufikii. Ni mara ngapi talaka hutamkwa kwa hasira, kisha aibu za mwenzi zikatangazwa mpaka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo?

Hata hivyo, tunalo la kuuliza. Adele alieleza wakati ule kwamba albamu yenye wimbo huo, "30", aliikusudia iwe maelezo kwa mwanawe atakapofikia umri wa miaka ishirini na kitu au thelathini na kitu. Nia ni njema. Lakini mtoto wa miaka 6 hawezi kungoja hadi ukubwani. Usiku wa leo anajiuliza kama baba ameondoka kwa sababu ya utundu wake. Asipoambiwa na wazazi, ataambiwa na watoto wa jirani, au atajijibu mwenyewe; na jibu analojipa mtoto mara nyingi humtia yeye hatiani.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mama anapomwambia mwana, "Si unaona baba yako alivyonitenda?", na baba naye anapomhoji, "Mama yako anasema nini juu yangu?", wamemkalisha katika kiti cha kadhi mtu asiyejua bado kufunga kamba za viatu vyake. Mtoto hana deni la kuwahurumia wazazi wake kwa talaka yao. Upole utoke kwa mkubwa uende kwa mdogo.

Basi wazazi, mkiwa hamna budi kuachana, kaeni naye nyote wawili kabla mizigo haijatoka mlangoni. Mwambieni maneno machache ya kweli: kwamba hamtaishi tena nyumba moja, kwamba kosa si lake, kwamba atalala wapi, na kwamba baba atakuja siku gani. Kisha siku hiyo ikifika, baba aje. Eda ina mwisho wake. Mtoto hubaki wa wote wawili.