Mcheza Kwao Hatuzwi

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mcheza kwao hutuzwa. Nimeifundisha methali hiyo kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu, nikaieleza maana yake kwa vizazi kadhaa vya walimu, na sasa uzeeni nakiri kwamba upo uwanja mmoja ambamo haina ukweli wowote. Uwanja huo ni wa raga. Katika raga ya nchi yetu ya Kenya, mcheza kwao hatuzwi, ila ikiwa huko kwao kuna klabu yenye mdhamini, daktari, basi, na chumba cha kuinulia vyuma.

Kila mara kikosi cha taifa kinapotangazwa, husikika maneno yale yale: kwamba waliotajwa ndio bora nchini, na kwamba wamechaguliwa kwa uwezo wao peke yake. Sisemi kwamba wateuzi ni waongo. Naamini wengi wao ni watu waaminifu wanaoipenda nchi yao. Ninalosema ni kwamba wanachokiita uwezo hawakipimi, bali wanakipokea kikiwa kimekwisha kupimwa. Timu ya taifa huwa imechaguliwa miezi mingi kabla ya mteuzi kutoa kalamu mfukoni. Imechaguliwa na jiko la klabu, na ratiba ya mazoezi, na nauli, na mwajiri anayemruhusu kijana kutoka kazini saa kumi alasiri. Kazi inayobaki kwa mteuzi ni kunakili majina.

Msomaji ambaye hakuucheza mchezo huu aniruhusu nifafanue, maana hapa ndipo kiini cha hoja yangu kilipo. Raga ya wachezaji 15 si mbio za mita 100, ambazo saa ya mkononi humaliza ubishi. Tazama skramu. Wanaume 8 hushikana na kusukumana na wenzao 8. Yule aliye mstari wa mbele anaonekana kama ndiye mwenye nguvu au mwenye udhaifu, lakini nusu ya nguvu zake hutoka kwa wale walioinama nyuma yake. Mweke fahali mbele ya wenzake wasiojua kusukuma, naye atarudishwa nyuma kila Jumamosi mbele ya macho ya watu. Mteuzi ataandika katika daftari lake: dhaifu. Kumbe aliyekuwa dhaifu ni jirani yake wa nyuma, tena udhaifu wa jirani huyo unatokana na kwamba klabu yao haijawahi kuwa na mashine ya kufanyia mazoezi ya skramu.

Tazama na winga, yule mkimbiaji anayesimama ukingoni mwa uwanja. Mpira haumfikii ila umepita mikono minne au mitano. Katika klabu iliyofunzwa vizuri, humfikia mara kwa mara, nafasi ikiwa wazi mbele yake, naye hufunga trai mbili na jina lake likaandikwa gazetini. Katika klabu iliyo maskini, mpira huangushwa kwenye mkono wa pili au wa tatu, na winga wetu hushinda mchana mzima akipuliza viganja vyake kwa baridi. Je, ni nani kati yao mwenye mbio zaidi? Hujui. Mimi pia sijui. Na mteuzi hajui, ingawa yeye ameshatia saini.

Ongeza hapo mambo ya kila siku. Yupo kijana anayefanya mazoezi kila jioni chini ya mwalimu aliyesomea kazi hiyo, akila nyama na mayai kwa gharama ya klabu, na akiteguka goti hupelekwa hospitali siku ile ile. Yupo mwenzake anayefundisha darasa la sita mpaka saa kumi, akatembea mpaka barabarani kungoja matatu, akafika uwanjani giza likiingia. Akiteguka goti, hupakwa dawa ya kuchua na kuambiwa apumzike. Baada ya miaka mitatu tuwapambanishe vijana hawa wawili kwa dakika 80, kisha tuseme mmoja amezaliwa na kipaji kuliko mwingine? Huko ni kupima mbolea na kudhani tumepima mbegu.

Historia yetu yenyewe inanishuhudia. Nondescripts ilianzishwa mwaka 1923 na Harlequin mwaka 1952, zote za Nairobi, zama ambazo klabu za raga zilikuwa mahali pa wazungu kukutana, kucheza na kunywa. Kijana wa Kiafrika hakuwa na mlango wa kuingilia humo, na kwa hiyo hakuwa na mlango wa kuingilia katika timu kubwa. Hata baada ya uhuru walioingia walikuwa wachache, wengi wao wakipitia shule chache zilizokuwa na milingoti ya raga. Ndipo mwaka 1977 ikaanzishwa Mwamba, klabu ambayo Waafrika wenyewe waliiunda na kuiendesha. Sina haja ya kueleza mengi juu ya matunda yake. Ndugu wawili, Humphrey Kayange na Collins Injera, walivaa jezi ya Mwamba. Mwaka 2016 Injera alifikia kuwa mfungaji wa trai nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya mashindano ya dunia ya raga ya wachezaji 7, na mwaka huo huo mwezi wa Aprili Kenya ikaifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore. Nauliza: lau mlango ule wa 1977 usingefunguliwa, ni wangapi wangesema kwa kujiamini kwamba walioachwa nje hawakuwa na uwezo?

Mfano wa pili ni wa nyumbani kwetu magharibi. Kakamega imekuwa na vijana wa raga tangu zamani, lakini kwa miaka mingi aliyetaka kuonekana alilazimika kufunga virago na kwenda Nairobi kulala sebuleni kwa binamu. Kisha kiwanda cha sukari kikaanza kuidhamini klabu ya Kabras. Mwaka 2016 Kabras ikatwaa Kombe la Kenya kwa mara ya kwanza, na baadaye ikalitwaa tena na tena. Ghafla ikawa inawezekana kucheza Kakamega na kuitwa katika timu ya taifa. Je, mvua ya mwaka ule iliwaotesha watu wa Kakamega miguu mipya? La hasha. Miguu ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni chakula, mishahara, mwalimu na macho ya watu.

Wala jambo hili si la Kenya peke yake. Afrika Kusini, nchi yenye raga ya kifalme, ilikuwa na Makazole Mapimpi, mtoto wa kijijini katika jimbo la Eastern Cape, ambaye hakusoma katika zile shule kubwa zinazozalisha wachezaji. Hakuichezea nchi yake mpaka mwaka 2018, akikaribia umri wa miaka 28, baada ya kupata nafasi katika timu zilizokuwa zikitazamwa. Tarehe 2 Novemba 2019, huko Yokohama, alifunga trai ya kwanza ambayo Afrika Kusini iliwahi kufunga katika fainali ya Kombe la Dunia, wakaishinda Uingereza 32 kwa 12. Naam, huyo ndiye aliyepatikana. Waliofikisha miaka 28 bila kupatikana, nani atatupa hesabu yao?

Sasa nije kwenye dhambi yangu mwenyewe, maana si haki kuwanyooshea wengine kidole na kukificha changu. Katika miaka ya themanini nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu katika mkoa wa Magharibi kama ulivyoitwa wakati huo, na niliifundisha timu ya raga mwenyewe. Kila mwaka wanafunzi wapya walipofika niliwaita uwanjani na kutoa amri moja: wenye viatu vya njumu wasimame huku, wasio navyo wasimame kule. Nilijiambia kwamba nafanya hivyo kwa sababu ya usalama, asije mtu akakanyagwa vidole. Lakini wenye njumu ndio waliotoka shule zenye uwanja wa raga, na timu yangu ilitoka upande huo karibu yote. Nilidhani nimechagua wachezaji. Nilikuwa nimechagua viatu.

Mmoja wa wale wa upande wa pili nilimgundua kwa bahati, katika muhula wa mwisho wa mwaka wake wa kwanza, alipoingia kujaza pengo la mgonjwa. Jina lake nalihifadhi. Alikuwa na kitu ambacho hakifundishwi: alijua mpira utaangukia wapi kabla haujapigwa. Nilimwazima njumu, na mwaka uliofuata nikampeleka Nairobi kwenye majaribio ya kuchagua vijana. Tulisafiri usiku kucha kwa basi, tukafika alfajiri, tukanywa chai kavu. Wachezaji wa klabu za mjini waliingia wakiwa makundi, wakijuana kwa majina ya utani. Kijana wangu aliingizwa dakika 15 za mwisho, ukingoni mwa uwanja, kati ya watu ambao hakuna hata mmoja aliyejua jina lake. Mpira ulimfikia mara moja. Tuliambiwa kwa adabu kwamba ni mzuri, ila hana uzoefu wa klabu. Tukapanda basi la usiku tukarudi.

Miaka mingi baadaye tulikutana matangani. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, kichwa kimeanza mvi. Tuliongea mambo ya mitihani na ya mishahara, kisha akanyamaza kidogo akasema, "Mwalimu, siku ile Nairobi, hivi nilikosea wapi?" Nilimjibu, "Hukukosea, mwanangu." Lakini niliona kwamba hakuniamini. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa ameishi akijua kwamba alipimwa akapungua. Hilo ndilo linalonikera zaidi ya kukosa kuchaguliwa. Kijana huwezi kumnyima mizani, kisha ukamwambia uzito wake.

Nazijua hoja za upande wa pili. Wapo watakaosema kizuri chajiuza: mwenye kipaji atahamia klabu kubwa mwenyewe. Kizuri hujiuza sokoni, waheshimiwa. Kikiwa shambani huoza. Kuhama kunataka nauli, kodi ya nyumba, na kazi mjini, na kijana mwenye wadogo watano nyuma yake hawezi kuacha mshahara wa hakika kufuata jezi. Wengine watasema wachezaji wa klabu moja wamezoeana, na mazoea hayo yanaisaidia timu. Hoja hiyo naikubali kwa nusu. Anayeutoa mpira kwenye skramu na anayeupokea wanahitaji kujuana kama mke na mume. Lakini hiyo ni sababu ya kuchagua jozi moja au mbili kutoka klabu moja, wala si sababu ya kufunga lango kwa wengine wote. Na wapo watakaonituhumu kwamba nataka viti vigawanywe kwa mikoa kama sukari ya msaada. Sitaki hivyo. Timu ya taifa si karamu ya kila ukoo. Nataka bora wapatikane, na ninadai kwamba kwa njia ya sasa hatuna hakika kama tumewapata.

Nifanyeje basi, mtaniuliza. Ninayoyadai ni matatu. Kwanza, mteuzi atoke Nairobi. Aende Kitale, Kisumu, Eldoret na Mombasa, tena asiende mara moja kama mgeni wa heshima. Pili, kila jina linaloandikwa liandikwe na mazingira yake kando: anafanya mazoezi mara ngapi kwa wiki, chini ya nani, na nani walicheza ubavuni mwake. Aliyefanya vizuri katika timu inayoshindwa ametuambia jambo kubwa kuliko aliyefanya vizuri katika timu inayoshinda. Tatu, na hili ndilo kubwa, majaribio ya alasiri moja yafutwe. Waiteni vijana 60 kambini kwa wiki 6. Wapeni wote chakula kile kile, daktari yule yule, mwalimu yule yule, kisha ndipo mpime. Mtashangaa jinsi orodha itakavyobadilika kati ya wiki ya kwanza na ya sita.

Mtasema ni ghali. Kushindwa nako si bure. Tulikwenda Marseille mwaka 2018 kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la wachezaji 15, tukarudi bila. Tukaenda Dubai mwaka 2022, tukarudi bila. Mwaka 2025 tiketi ya Afrika iligombewa hapa jirani Kampala, na aliyeondoka nayo ni Zimbabwe. Hatujawahi kuingia katika Kombe hilo hata mara moja. Taifa lisiloridhika na matokeo yake lina wajibu wa kuuliza kama lilitazama kila mahali kabla ya kusema halina watu.

Sina ugomvi na klabu kubwa. Laiti zingekuwa nyingi zaidi. Ugomvi wangu ni na yule anayeutazama ua uliopaliliwa na kumwagiliwa, akaandika kwamba kichaka cha pili hakina maua. Wateuzi wetu, mnapoketi tena na kalamu zenu, kumbukeni mkuu wa chuo mmoja aliyewatenga vijana kwa viatu vyao akadhani anajua raga. Mimi nimechelewa kuomba radhi. Ninyi bado mna msimu mwingine mbele yenu.