Mashairi ya Imtiaz

Juma hili ukurasa wetu unakwenda mbali, mpaka India. Tunaongea juu ya filme Muhafiz ya Ismail Merchant, ya mwaka wa 1993. Jina hilo lisiwaogopeshe, ni ndugu ya neno letu kuhifadhi, kwa sababu yote mawili yametoka katika Kiarabu. Muhafiz ni mtu mwenye kutunza. Kiurdu kina maneno mengi ya namna hiyo: kitabu wanasema kitab, dunia ni duniya.

Filme ilitokana na kitabu cha Anita Desai, In Custody, cha mwaka wa 1984. Deven ni mwalimu katika mji mdogo karibu na Delhi. Anafundisha Kihindi maana ndicho kinachomletea mshahara, lakini moyo wake uko kwenye mashairi ya Kiurdu. Tangu India na Pakistan zigawanyike mwaka wa 1947, Kiurdu kimepungua nguvu katika masomo ya India. Rafiki yake mwenye gazeti anamtuma kwa mzee Nur, mshairi mkubwa, ili maneno yake yasipotee pamoja naye.

Anakuta nyumba ya kelele, wageni wa kula na kunywa bure, na wake wawili wasiosikilizana. Mashine ya kunasa sauti ni ya mitumba, na kijana anayeishika hajui kazi. Mzee anaagiza nyama na pombe. Deni linamwangukia mwalimu.

Sisi tulitaka kujua habari za nyumbani kwake. Sarla, bibi yake, aliolewa akiota feni, simu na frigo. Hakupata hata kimoja. Deven anaona uso wake uliokunjamana, sababu haulizi. Pesa zinakwenda Delhi kwa mshairi, na mama huyo anabaki na mtoto na sufuria. Wamama, mnamjua Sarla, hata kama anaitwa jina lingine.

Lakini aliyetushika zaidi ni Imtiaz, bibi mdogo wa Nur. Zamani aliimba na kucheza mbele ya wanaume kwa pesa. Sasa anatunga mashairi yake mwenyewe. Siku ya sikukuu ya kuzaliwa kwake anaimba mbele ya watu, na Deven anaona ni mwigaji tu. Baadaye, katika kitabu, anamwandikia Deven barua, anamtumia na mashairi, na kumuuliza kama anaogopa kuyasoma kwa kuwa yameandikwa na mwanamke. Deven anachana karatasi bila kuyasoma. Mtu huyohuyo aliyekopa na kuhangaika ili neno la mzee lisipotee!

Kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo filme inakizidi, kwa maoni yetu. Wachezaji wanaongea Kiurdu, na mashairi ya Nur yalikopwa kwa Faiz Ahmed Faiz, mshairi wa kweli wa Pakistan, aliyefariki mwaka uleule kitabu kilipotoka. Msomaji alipaswa kuamini tu kwamba Nur ni mkubwa, mtazamaji anamsikia. Shashi Kapoor, aliyekuwa kijana mzuri wa filme nyingi, hapa ni mzee mnene, mgonjwa, anayelia na kutukana, kisha akifungua kinywa kwa shairi chumba kinanyamaza. Om Puri ndiye Deven. Shabana Azmi anampa Imtiaz sura ya mtu mwenye akili na uchungu, na ukimtazama ni vigumu kumdharau kama Deven anavyomdharau.

Katika kikundi chetu hatukupatana juu yake. Wengine wanasema ana kiburi, kwamba anamnyang'anya mzee nafasi katika nyumba yake. Wengine wanajibu: angeomba nafasi kwa nani? Mama mmoja aliuliza kama mashairi yake yalikuwa mazuri kweli. Hatukuweza kumjibu. Aliyetumiwa aliyachana.