Wasomaji Wasiosoma



Katika nchi ya Buganda Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, maana yake wasomaji. Kwa Wakikuyu waliitwa athomi, na maana ni ile ile. Hata miongoni mwetu tusemao Kiswahili, mtu atakaye ubatizo husemwa kwamba “anasoma,” wala hakuna adhaniye kwamba amekwenda shule kujifunza hesabu. Anasoma, yaani ameanza kumtafuta Mungu. Wazee wetu waliona kwamba kusoma na kumfuata Mungu ni jambo moja, nao wakaliita kwa jina moja.

Sasa twauliza, wala hatuulizi kwa mzaha: kama jirani zetu leo wangetakiwa kutupa jina kwa kututazama tu jinsi tuishivyo, je, wangetuita wasomaji? Sisi twaona wangetuita “waliokwisha kusoma.” Na twasema wazi kwamba huo ndio ugonjwa mkubwa wa Ukristo wetu. Si uchache wa makanisa, wala si uchache wa mapadre, wala si umaskini.

Tazameni jinsi mambo yaendavyo. Kijana huingia darasa la dini. Huandikwa jina, hujifunza Amri Kumi, Kanuni ya Imani na Sala ya Bwana, hukariri maswali na majibu mpaka aweze kuyasema bila kukosa neno. Huulizwa, hujibu, hushinda. Siku ya ubatizo huvaa nguo nyeupe, wazazi huchinja kuku, jina jipya huandikwa katika daftari, na kadi hutiwa sandukuni pamoja na hati ya shamba. Baadaye huja askofu, naye kijana hupewa kipaimara. Basi, hapo ndipo mwisho. Tangu siku hiyo Kitabu hakifunguliwi tena nyumbani mwake, na sala yake ni ile ile aliyofundishwa utotoni, maneno yale yale, kwa haraka ile ile, hali usingizi umekwisha kumshika. Miaka 30 ikipita atasema, “Mimi ni Mkristo wa zamani.” Kweli, ni wa zamani, lakini je, amekua?

Sisi tu walimu, na kazi yetu yatutaka tujue tofauti kati ya mtoto aliyekaa sana shuleni na mtoto aliyejifunza sana. Mzazi gani atafurahi akiona mwanawe yumo darasa la kwanza kwa mwaka wa 20, naye kila mwaka aonyesha karatasi aliyopewa siku ya kuandikishwa? Mzazi huyo atamwendea mwalimu mbio na kudai sababu. Lakini katika mambo ya Mungu twalivumilia jambo hilo, tena twalisifu. Yeye aliyewaandikia Waebrania hakulisifu. Aliwakemea kwamba kwa muda waliokwisha kukaa walipaswa kuwa walimu, nao walikuwa wangali wakitaka maziwa kama watoto wachanga.

Wala lawama si ya vijana peke yao. Wazee wa kanisa wakikutana, swali la kwanza ni wangapi waliobatizwa mwaka huu. Ni swali jema. Lakini swali la pili ni nadra kulisikia: wale waliobatizwa miaka 10 iliyopita wamefika wapi? Mkulima ahesabuye mbegu alizopanda asihesabu magunia aliyovuna, watu humcheka.

Sasa turudi Buganda, tuwatazame hao walioitwa wasomaji. Wamisionari wa kwanza wa Kiingereza walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877, na mapadre wa Kifaransa mwaka 1879. Alexander Mackay, aliyekuwa fundi wa mitambo, alifika mwaka 1878, naye alikuwa na mtambo mdogo wa kupiga chapa. Mwanzo hapakuwa na kitabu kwa Kiganda. Maandiko waliyosoma kwanza yalikuwa ya Kiswahili, yaliyofasiriwa Unguja na Askofu Edward Steere. Yaani vijana wa barazani kwa Kabaka walijifunza herufi, tena walijifunza herufi hizo katika lugha isiyo yao, ili wapate habari za Yesu. Nasi tulio na Biblia nzima kwa Kiswahili tangu mwaka 1891, na ile iliyounganisha Kiswahili cha Unguja na cha Mombasa tangu mwaka 1952, twasema kwamba kusoma ni kazi ngumu!

Mwaka 1882 wale mapadre wa Kifaransa waliondoka Buganda, wakahamia kusini ya Ziwa Viktoria, wala hawakurudi mpaka mwaka 1885. Karibu miaka mitatu wasomaji wao walikaa bila padre, bila Misa, bila mtu wa kumwuliza jambo gumu. Je, walitawanyika? La. Mapadre waliporudi waliwakuta wamezidi, maana kila aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua. Twaomba kila mmoja ajiulize kwa moyo mnyofu: padre wetu akiondoka leo kwa miaka mitatu, atakuta nini siku ya kurudi?

Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wa wasomaji Wakatoliki barazani, aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Siku ile ile Karoli Lwanga alibatizwa, naye akashika uongozi wa vijana. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, mauti ikiwa mlangoni, Lwanga aliwabatiza baadhi yao kwa mkono wake mwenyewe, na mmoja wao alikuwa Kizito, kijana wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni Lwanga na Kizito walichomwa moto huko Namugongo pamoja na wenzao, Wakatoliki na Waprotestanti. Hesabuni, ndugu. Tangu ubatizo wa Lwanga hata kufa kwake ni siku 200. Tangu ubatizo wa Kizito ni siku 8.

Basi li wapi neno lile kwamba imani hukua yenyewe kwa kupita miaka? Miaka hukuza mti na huzeesha mwili, lakini haimkaribishi mtu kwa Mungu. Lwanga alikuwa amesoma na kuomba tangu kabla ya ubatizo, naye hakuuhesabu ubatizo kuwa ruhusa ya kuacha. Hiyo ndiyo tofauti yake nasi. Yeye aliuona ubatizo kuwa mlango, nasi twauona kuwa kiti cha kukalia.

Labda mtu atasema, “Maneno haya ni ya mapokeo tu. Mtu asiposoma, ana hasara gani?” Hasara yenyewe tumeiona kwa macho. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400. Habari zilizotolewa zilisema kwamba waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi, ambao hawakuchagua lolote. Wale wa Namugongo waliuawa kwa kuwa hawakukubali kumkana Bwana wao. Hawa wa Shakahola walipelekwa kaburini kwa jina lake Bwana mwenyewe. Kuhukumu ni kazi ya mahakama, wala hatuwasemi vibaya waliokufa, maana twajua kwamba wengi waliingia msitu ule kwa kuwa walitamani kumkaribia Mungu, tena kwa moyo kuliko wengi wetu. Lakini twasema hivi: ari isiyo na Kitabu ni kama chombo kisicho na usukani. Watu wa Beroya walipohubiriwa na Mtume Paulo mwenyewe, hawakumwamini kwa sababu ya sauti yake tu. Walichunguza Maandiko kila siku waone kama asemayo ndiyo. Nao hawakukemewa kwa kumpima Mtume, bali walisifiwa. Mkristo asiyesoma atampimaje ajaye kwake na maji ya kuuza, na mafuta ya kuuza, na ndoto aliyoota jana?

Yapo majibu tunayopewa kila mara, na yafaa tuyatazame moja moja.

Wa kwanza husema, “Sisi si mapadre, kusoma ni kazi yao.” Ndugu huyu na atuambie kama padre hula kwa niaba yake. Padre anaweza kuigawa mikate, lakini kila mtu hutafuna kwa meno yake.

Wa pili husema, “Kazi ni nyingi, nafasi hatuna, tena vitabu ni ghali.” Twajua kwamba mama aamkaye alfajiri kuteka maji na kulima hana saa mbili za kukaa na kitabu. Hatumtaki atoe saa mbili. Haba na haba hujaza kibaba. Na habari ya bei, siku hizi Maandiko yamo hata katika simu ya mkononi, ile ile tunayoikodolea macho mpaka usiku wa manane kutazama mambo ya watu tusiowajua. Nafasi ipo, tumempa mwingine.

Wa tatu husema, “Mimi ni mzee, sikujifunza kusoma.” Huyu twamheshimu, na jibu lake ni jepesi. Anao wajukuu waliokwenda shule. Amwite mmoja jioni, amsomee. Mzee atasikia, na mtoto atasoma, nao wawili watakua kwa kusoma kumoja.

Wa nne ndiye mwenye neno zito. Yeye husema, “Mafarisayo walisoma kuliko watu wote, nao ndio waliomkataa Bwana. Kusoma huleta kiburi. Bora sala na upendo.” Neno hili ni kweli nusu yake. Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Ajuaye sura na mistari yote, naye hasemi na ndugu yake kwa ajili ya mpaka wa shamba, huyo hajasoma, amehesabu herufi. Lakini dawa ya kusoma vibaya si kuacha kusoma. Mtu akipaliwa na chakula hanyimwi chakula, hufundishwa kutafuna.

Tena jambo hili lawahusu walimu kwanza, sisi tushikao vitabu mchana kutwa. Ni rahisi sana kushughulika na maneno ya Mungu kama fundi ashughulikavyo na mbao. George Pilkington alikuwa akiifasiri Biblia kwa Kiganda. Ni nani aliyegusa Maandiko kuliko yeye? Hata hivyo alijiona moyo wake mkavu, na mwezi wa Desemba 1893 alikwenda kisiwa cha Kome katika Ziwa Viktoria, akakaa peke yake mbele ya Mungu. Aliporudi alisema na watu kwa nguvu mpya, na baada ya hapo nyumba za kusomea zilienea katika nchi. Biblia nzima kwa Kiganda ikamalizika mwaka 1896. Kusoma kwa ajili ya kufundisha hakutoshi. Mpishi aonjaye tu hashibi.

Basi tufanyeje? Hatutoi shauri kubwa. Kila jioni baada ya chakula, taa haijazimwa, watu wa nyumba wakae pamoja. Mmoja asome fungu moja la Injili, polepole, kama asomaye barua iliyotoka kwa baba aliye mbali. Kisha wanyamaze kidogo. Kisha kila mtu aseme neno moja lililomgusa, hata mtoto, wala asichekwe. Kisha waombe, si kwa maneno ya kukariri peke yake, bali kwa habari ya lile lililosomwa. Na mwisho, jambo hili ndilo watu hulisahau: kila mmoja achague tendo moja la kulifanya kesho kwa sababu ya neno lile. Mwenye deni alipe. Aliyemtukana mkewe amwombe radhi. Aliyeficha kitu cha jirani akirudishe. Hapo ndipo tutakapojua kama tunakua, maana mtu aliye karibu na Mungu, jirani zake ndio watakaokuwa wa kwanza kuona faida.

Na ninyi walimu wa dini, msifunge darasa siku ya kipaimara. Waliokwisha kuipokea wasipungue kukutana hata mara moja kwa juma, wala wasiulizwe maswali ya kukariri, bali waulizwe wamesoma nini, na wametenda nini.

Twajua kwamba maneno haya hayatampendeza kila mtu. Aliyezoea kuitwa Mkristo wa zamani hatapenda kuulizwa habari ya ukubwa wake. Walakini heri aulizwe sasa na ndugu zake, kuliko kuulizwa baadaye na Yeye asiyeweza kudanganywa kwa kadi.

Basi wazee wa kanisa watakapokutana tena na kuuliza wangapi waliobatizwa mwaka huu, na asimame mtu mmoja, kwa adabu, aulize lile swali la pili.