Mgongo wa Mlezi

Wahenga walinena: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asubuhi tunapomkabidhi mtoto kwa mlezi wa shule ya watoto wadogo, twadhani kazi yake ni kuimba na kucheza tu. Lakini mtoto wa miaka miwili huwa na uzito wa kilo 12 hivi. Mlezi akiinua watoto wa namna hiyo mara 20 kwa siku, amekwisha inua kilo 240, zaidi ya magunia mawili ya mahindi. Tena vilio vya kutwa humkaza mabega. Na misuli ikikakamaa, maumivu huzidi.

Askari hufundishwa namna ya kubeba shanta. Mlezi aghalabu hafundishwi na mtu. Basi na achuchumae kwa magoti, amkumbatie mtoto kifuani, ndipo ainuke kwa nguvu za miguu. Akitaka kugeuka, ageuze nyayo, si kiuno. Mtoto awezaye kupanda kiti mwenyewe, na apande.

Mgongo ukiuma, asilale kitandani siku nyingi. Kutembea polepole hufaa zaidi. Bali miguu ikifa ganzi au kulegea, ama mkojo ukizuilika au ukimtoka bila hiari, aende hospitali siku ile ile.

Nasi wazazi, tuwachukue watoto kwa wakati uliowekwa, tena tumwulize: “Umeshindaje, mwalimu?” Akianguka yeye, watoto wetu watalelewa na nani?