Mchanga wa Kahama na Ulimwengu Mchanga

Kila nitajapo elimu ya falaki mbele ya watumishi wa umma hujibiwa kwa swali lile lile: mfugaji wa Shinyanga anayetafuta maji ya ng'ombe wake atanufaikaje na nyota? Swali hilo lina sura ya busara, lakini ni la kivivu. Darubini hatukuijenga, je, visima vimeongezeka kwa sababu hiyo?

Tuanze na mchanga. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi, huko Kahama, yasisafirishwe nje. Mei, kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, iliyochunguza makontena 277 yaliyozuiliwa bandarini Dar es Salaam, ikatangaza kiwango cha dhahabu kilichozidi mara kumi kile kilichotajwa na kampuni ya Acacia. Acacia ikakana. Taifa zima likabishana, kuanzia bungeni hadi ndani ya daladala, juu ya dhahabu iliyomo ndani ya mchanga. Kila mtu alikuwa na jibu. Waliojua jibu la namna hiyo hupatikanaje walikuwa wachache mno.

Njia mojawapo ni mwanga. Kila elementi hutoa na kufyonza mwanga wa mawimbi yake mahususi, yaani mistari ya spektra. Kwa mistari hiyo maabara hupima dhahabu, na kwa mistari hiyo wanafalaki huchora ramani ya ulimwengu ulipokuwa ungali mchanga. Haidrojeni hutoa wimbi la redio la sentimita 21. Lililotoka kabla ulimwengu haujatimiza umri wa miaka bilioni moja hutufikia likiwa limenyooshwa kupita mita moja. Wanafalaki hao hawahesabu galaksi mojamoja. Hujumlisha mwanga wa eneo zima, kama mpimaji wa Geita atajavyo gramu kwa tani bila kuiona punje hata moja ya dhahabu.

Na kazi hiyo inafanyika Afrika. Huko Karoo, Afrika Kusini, darubini ya HERA ilisanifiwa iwe na sahani 350, kila moja ikiwa na upana wa mita 14. Katika mradi mkubwa zaidi wa SKA, Afrika Kusini ilipata washirika wanane barani. Kenya imo. Zambia imo. Msumbiji imo. Sisi, wenye Geita na Bulyanhulu, hatumo.

Iwapo ipo hoja iliyotubakiza nje, wizara iiandike tuisome.