Msafiri Asiye na Mwenyeji

Nilipowaeleza jamaa zangu hapa Mombasa kwamba nimezunguka milima ya Rocky peke yangu, kutoka Marekani nikavuka hadi Kanada, swali lao la kwanza halikuwa juu ya baridi wala dubu. Waliniuliza, "Ulifikia kwa nani?" Nikawajibu kwamba sikufikia kwa mtu, nyumba nilikuwa nayo. Wakacheka wakidhani nafanya mzaha.

Wala haukuwa mzaha. Gari la nyumba lina kitanda, jiko, friji, choo na tangi la maji. Anayeliendesha hahitaji hoteli, wala hahitaji kubisha mlango wa mtu kuomba maji ya kutawadhia. Nililikodi Seattle, nikavuka mpaka pale Blaine, karibu na lile lango jeupe la amani lililozinduliwa mwaka wa 1921. Afisa wa forodha akaniuliza naenda wapi na nitakaa kwa nani. Katika safari ile nzima, ni yeye peke yake aliyeniuliza swali hilo, naye alilipwa mshahara kuliuliza.

Nikashika njia ya Kamloops, nikapita chini ya mlima Robson wenye mita 3,954, nikaingia mbuga ya Jasper. Kutoka hapo barabara ya Icefields, kilomita 230 hivi, hukuteremsha hadi Lake Louise na Banff. Uzuri wake siwezi kuukana. Penye barafu ya Athabasca wameweka vibao vya miaka kuonyesha barafu ilikuwa ikifika wapi zamani, na mtu hutembea kutoka kibao hadi kibao akiona jinsi inavyorudi nyuma. Hata kibla haikunipa taabu. Sisi Mombasa twaelekea kaskazini, na kule Jasper pia ni kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo, maana njia fupi ya kwenda Makka hupitia kule juu kwenye barafu za ncha ya dunia.

Wazee wetu hawapendi mtu asafiri peke yake, na wana hadithi za Mtume (S.A.W.) za kutegemea. Lakini mimi nasema tatizo si upweke wa njiani. Mtu aweza kuondoka peke yake na akafika kwa watu. Tatizo ni kubeba nyumba mgongoni kama kobe.

Jioni kambini magari yalipangwa kwa safu, kila moja na waya wake wa umeme na bomba lake la maji. Watu walipungiana mikono kwa adabu, kisha kila mmoja akafunga mlango. Siku moja nilipika wali wa nazi ya mkebe, nikampelekea jirani sahani. Alishukuru sana. Asubuhi sahani ikarudi imeoshwa, safi, na tupu. Sikumlaumu, kwao ndiyo heshima. Lakini nyumbani kwetu nani angethubutu kurudisha sahani tupu?

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka wa 1331, aliona vijana wakitoka kwa vyombo kuilaki jahazi, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimpa mfanyabiashara na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Yaani mtu alikuwa na mwenyeji kabla hajakanyaga nchi kavu. Pwani hii ilijengwa kwa desturi hiyo, na biashara ilikuja ndani yake.

Sasa nauliza, kule milimani wenyeji wako wapi? Jibu ni kwamba waliondolewa. Serikali ilianza kuitenga ardhi ya Banff mwaka wa 1885, na Wastoney Nakoda waliokuwa wakiwinda pale wakazuiwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi, hadi miaka ya 1970, waliitwa kila kiangazi waje na mavazi yao wacheze mbele ya watalii. (Msomaji aliyewahi kuona ngoma zetu zikichezwa kando ya bwawa la kuogelea hotelini atanielewa.) Jasper ilifanywa mbuga mwaka wa 1907. Familia za Wametisi, wazawa wa Wazungu na wenyeji, zilikuwa na nyumba na mashamba katika bonde lile. Kufikia 1910 zikaamriwa zihame. Zililipwa fidia ya majengo, ardhi hazikulipwa. Mmoja wao, Ewan Moberly, alihamia kaskazini, upande wa Grande Cache, na mahali alipojenga panajulikana hadi leo. Lakini mzungu mmoja, Lewis Swift, aliyelima bonde lilo hilo, alipewa hati ya shamba lake akabaki.

Kwa hiyo ukiwa kule huna wa kumbishia hodi hata ukitaka. Picha za watalii huziita nyika tupu. Mimi nimezaliwa mahali ambapo kila mbuyu una mwenyewe, na maneno hayo siyakubali.

Vijana wetu walioko Toronto na Seattle siku hizi hukodi magari haya wakati wa likizo. Sisemi wasiende. Wajue tu kwamba ukitoka Banff kwa barabara ya kwenda Calgary utapita Morley, kwa Wastoney wenyewe. Mimi nilisimama pale kutia mafuta. Mzee aliyeketi nje akaniuliza natoka wapi. Nilipomjibu, akaniuliza kama mama yangu yu hai, na nduguze ni wangapi. Tukakaa karibu saa nzima, na gari la nyumba limefungwa.