Nyota 100 si kipimo cha kazi nzuri

Kijana ametunga seva ya lugha, yaani programu inayomwonyesha mwandishi wa kodi makosa yake papo hapo. Ili Neovim iitambue, faili fupi inatosha: amri ya kuiwasha, aina za faili, alama za kutambua folda ya mradi. Lakini wasimamizi wa nvim-lspconfig wanadai kwanza nyota 100 kwenye GitHub, au ushahidi mwingine kwamba watu wanaitumia.

Sawa, wanazuia takataka. Lakini nyota zinahesabu wanaokujua, hazipimi kazi. Ninyi mliokimbia vijiji bila karatasi mnajua uchungu wa kuambiwa: leta mtu anayekufahamu. Wajaribu faili kwanza, ndipo wakatae. Nanyi vijana, msingoje nyota, pelekeni ushahidi.